Kiumbe wa Chumvi Aliyevaa Kiswahili

Mtu wa Mpanda hahitaji kufundishwa thamani ya chumvi. Njia yetu ya kwenda Kigoma inapita Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Pengine ndiyo maana kipindi cha kwanza cha Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, kurushwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kilinishika: kiumbe wa sayari M-113 anaua watu kwa kuwanyonya chumvi yote mwilini.

Vazi lake lilibuniwa na Wah Chang, likavaliwa na mcheza dansi Sandra Gimpel. Nywele nyeupe, macho ya huzuni yaliyozama, mdomo wa duara, vidole vyenye vinyonyeo kama vya pweza. Lakini tunaliona kwa muda mfupi tu, karibu na mwisho, na hapo ndipo ufundi ulipo. Mapema tumeonyeshwa maiti zenye alama nyekundu za duara usoni. Vidole vile vinapojitokeza, mtazamaji anavitambua mwenyewe, haelezwi na mtu. Vazi limeanza kazi kabla halijaonekana. Na manyoya ya bandia yakikaa sana mbele ya kamera, mishono hujitangaza.

Muda mwingine wote kiumbe anavaa sura za watu. Wanaume watatu wa meli ya anga wanamtazama mwanamke mmoja, Nancy, ambaye kiumbe amevaa sura yake: daktari McCoy, mpenzi wake wa zamani, anamwona kijana kama alivyoachana naye, nahodha Kirk anamwona mwenye mvi, na mwenzao Darnell anaona mwanamke mwingine kabisa. Wigi, vipodozi na mwigizaji wa pili vilitosha.

Halafu kiumbe anamfuata Uhura, ofisa wa mawasiliano wa meli, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Anausoma upweke wake, anageuka kijana mweusi, anamsemesha Kiswahili. Mwilini ana sare ya kawaida ya meli, ubunifu wa William Ware Theiss. Hakuna pembe wala magamba. Matamshi si ya kwetu, lakini hesabu ni sahihi: aliye mbali na kwao hulegea akisikia lugha ya nyumbani. Uhura anaduwaa, na kinachomwokoa ni wito wa kurudi kazini. Kwangu mimi, hilo ndilo vazi bora kuliko yote aliyovaa kiumbe yule.

Vijana wa Mpanda mnaopiga filamu kwa simu, kitafuteni kipindi hicho. Tazameni sehemu ya Uhura bila sauti, kisha rudieni na sauti.