Mtu Asiye Dada: Kusoma My Sister's Keeper Namtumbo

Riwaya ya Jodi Picoult, My Sister's Keeper, ilinifikia Namtumbo ndani ya begi la mtu aliyetoka Uingereza, pamoja na dawa za presha za mama. Dada yangu ndiye aliyeituma. "Kaka, isome," aliniambia kwenye simu, "halafu uniambie kwa nini imenikera." Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa na miaka tisa, na saratani ya damu tuliyodhani imekwisha ilikuwa imerudi.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 2004. Sara na Brian wana binti, Kate, mwenye saratani ya damu. Kaka yake, Jesse, amepimwa na hafanani naye. Wazazi wanamzaa Anna kwa msaada wa maabara, akiwa amechaguliwa tangu kiinitete ili seli zake zilingane na za Kate. Anna anapozaliwa, damu ya kitovu chake inapewa dada yake. Baadaye anatolewa damu tena, kisha uboho. Anapotakiwa kutoa figo, akiwa na miaka 13, anatafuta wakili na kuwashtaki wazazi wake.

Ni kitabu chenye nguvu, na sitaki kukidharau. Kila mhusika anapewa sura zake za kusimulia, na mwandishi hamgeuzi Sara kuwa mama katili. Ni mtu ambaye hofu imemchosha hata hamwoni tena mtoto mzima aliye mbele yake. Sauti hiyo niliijua. Nilikuwa nikiisikia kwenye simu kila Jumapili.

Kasoro ninayoiona ni ya mtu ambaye hayumo. Kati ya wote wanaosimulia, hakuna hata mmoja ambaye si ndugu na ambaye ametoa chochote cha mwili wake. Mateso yote yanazunguka ndani ya nyumba moja: dada kwa dada, mama kwa binti. Filamu ya mwaka 2009 ilibadilisha mwisho, lakini nayo ilibaki ndani ya nyumba hiyohiyo.

Historia ya tiba yenyewe ilishatoka humo. Ni kweli ilianza kwa ndugu: mwaka 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Dk. Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mvulana kwa damu ya kitovu cha mdogo wake wa kike. Lakini miaka michache baadaye zilianza benki za umma, ambamo mama aliyejifungua huacha damu iliyobaki kwenye kondo na kitovu ili apewe yeyote atakayeihitaji. Kwa hiyo kitabu kilipotoka, mgeni alikuwa tayari ameingia katika hadithi. Picoult alimwacha mlangoni.

Atakayemtetea atasema riwaya inahusu ridhaa, na mgeni anayetoa kwa hiari yake haleti kesi mahakamani. Sawa. Lakini dada yangu hakuwa na kesi ya ridhaa. Shida yake ilikuwa daftari. Alama za seli ambazo madaktari huziita HLA tunarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Mdogo wake mpwa wangu alipimwa, hakulingana. Ikabaki kutafuta nje ya familia.

Mwaka 2014 jarida la tiba la New England lilichapisha hesabu za daftari la Marekani: Mzungu mwenye asili ya Ulaya ana nafasi 75 kati ya 100 za kumpata mchangiaji wa uboho anayelingana naye kikamilifu. Mtu mweusi ana nafasi chini ya 20. Waafrika ni wachache humo, na tena alama zetu zinatofautiana sana, kwa kuwa binadamu wameishi barani hili muda mrefu kuliko kokote. Chukua ukoo wetu tu: babu ni Mngoni, ambaye wazee wake walivuka Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini; bibi ni Mndendeule wa hapahapa; baba yake mtoto ni Mnyakyusa. Namtumbo hakuna atakayemwita mpwa wangu mtu wa kabila dogo. Uchache ulimpata alipoingia kwenye daftari.

Damu ya kitovu husaidia hapo, kwa sababu seli zake ni changa na huvumilia tofauti kadhaa za alama. Hesabu hizohizo zilionyesha kwamba karibu kila mgonjwa aliye chini ya miaka 20 angeweza kupata ya kumfaa. Mpwa wangu alipata vitovu viwili, vya watoto wa akina mama wawili wasiojulikana. Damu mpya ilichelewa kushika, zaidi ya mwezi. Sasa yuko nyumbani, na kliniki bado anarudi.

Nilipomweleza mama, aliuliza kwanza, "Na watoto wenyewe wako hai?" Amekua akisikia habari za mumiani, damu ikichukuliwa, lazima kuna aliyeachwa mtupu. Nikamwambia huchukuliwa kitovu kikishakatwa, mtoto hapungukiwi.

Akatazama mwembe wa uani. Mpwa wangu alizaliwa hapa, na kitovu chake kimezikwa chini yake. "Vya kwetu tumezika vyote," alisema. Sikumwambia kwamba tungefanya vingine. Damu hiyo hutakiwa kupimwa na kugandishwa ndani ya siku mbili hivi, na hapa hakuna wa kuipokea.

"Waulize majina ya hao mama, tuwatumie salamu."

"Hawatoi majina, mama."

"Hata ukoo?"

"Hata ukoo."

Usiku ule aliwaombea hivyohivyo, bila majina. Nami nikamjibu dada: kitabu kimekukera kwa sababu umekisoma hadi mwisho ukiwatafuta wale mama wawili, na hawamo.