Kujikimu na Kustawi katika "Wasifu wa Siti binti Saad"

Miongoni mwa maandishi ya Shaaban Robert (1909–1962), Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu kinachosifiwa zaidi kuliko kinavyochunguzwa. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa kielelezo cha mtu aliyetoka katika unyonge akafika katika heshima kwa subira, bidii na tabia njema. Usomaji huo hauna ila ya kuzuliwa, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anauelekea: tukio likiisha kusimuliwa, funzo halikawii kufuata. Lakini habari anazozihifadhi zinasema jambo ambalo funzo halilisemi.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, wazazi wake wakiwa na asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, na jina hilo latosha kueleza daraja aliyozaliwa ndani yake. Mamake alikuwa mfinyanzi. Binti alivibeba vyungu hadi mjini, akavitembeza na kuviuza, na sauti yake ndiyo iliyowaita wanunuzi. Yafaa msomaji atue hapo kidogo. Sauti ile iliyokuja kusikika nyumba kwa nyumba katika mwambao wa Afrika Mashariki ilikuwapo tangu siku za vyungu, haikuzaliwa mjini. Tofauti ni kwamba katika siku hizo ilikuwa mtumishi wa biashara. Chungu kikishauzwa, wimbo nao umekwisha kazi yake. Hayo ndiyo maisha ya kujikimu: kipawa kizima huingia katika kutafuta mlo wa siku, na kesho hurudi pale pale.

Kiswahili kinatenganisha hali hizi mbili kwa makini kuliko walivyozitenganisha wahakiki. Mtu "hujikimu", yaani kitendo huanzia kwake na kuishia kwake, na kiambishi -ji- ndicho shahidi. Lakini hakuna asemaye kwamba mtu "hujistawi". Mpunga hustawi, mji hustawi, biashara hustawi; na anayetaka kumtaja mtendaji hulazimika kutumia kauli ya kutendesha, akasema fulani amekistawisha kitu fulani. Hata "kujistawisha", neno lisilokosa wasemaji, halikwepi kauli hiyo. Kinachostawi kina udongo wake, maji yake, na aghalabu mkono wa mtu mwingine. Wasifu unaomsimulia mtu aliyestawi hauna budi kuonyesha mambo hayo, na Shaaban Robert, pamoja na mwelekeo wake wa kuhubiri, anayaonyesha.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpigaji udi, aliyemfunza kuimba kwa taratibu za muziki na kupiga ala. Kupitia kwake akajuana na wanamuziki wengine: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalimu Shaabani. Ikumbukwe kwamba taarabu ya Unguja tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ilikuwa burudani ya kasri iliyoimbwa kwa Kiarabu, na kwamba chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa shamba, asiye na nasaba, akiimba kwa Kiswahili, hakuwa na kiti katika baraza hiyo. Kiti kilitengenezwa na kundi zima. Mwaka 1928 kundi hilo lilivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na kwa mara ya kwanza sauti ya Siti ikawa bidhaa yenyewe, haina chungu nyuma yake.

Sasa na iulizwe: subira i wapi katika mfululizo huu? Ipo, bila shaka. Lakini mamake Siti alikuwa na subira pia. Alichimba udongo, akafinyanga, akachoma, akampa mtoto akauze, na hakuna lolote katika kisa hiki linaloonyesha kwamba uvumilivu wake ulipungua ule wa bintiye. Kama subira ndiyo iliyomwinua binti, basi mama alikosa nini? Swali hili si la mzaha kwa mwalimu anayesomesha kitabu hiki. Mwanafunzi wa kike anayeambiwa kwamba Siti alifaulu kwa kuvumilia anafundishwa, pasipo kutajwa wazi, kwamba waliobaki na vyungu walikuwa na upungufu wa tabia. Walichokosa ni Ali Muhsin, na baraza ya wenzao, na santuri.

Katika miaka ya 1970 wapo wahakiki waliomlaumu Shaaban Robert kwa kuutegemea mno wema wa mtu binafsi na kuusahau muundo wa jamii. Lawama hiyo inaelekea zaidi riwaya zake za kimafumbo, ambamo wema na uovu hutembea kwa majina yao. Katika wasifu huu imepungua nguvu, kwa sababu maisha ya mtu halisi hayakubali kupangwa kama fumbo. Ushahidi mkubwa ni ile sehemu ya mashindano ya nyimbo. Wapinzani wanamsimanga Siti kwa asili yake ya shamba na kaniki aliyokuja nayo, na wanamalizia kwa kumwuliza angepata wapi chakula lau hakujaliwa sauti. Simango hilo limelengwa vizuri kuliko wasimangaji walivyojua: linataka kuirudisha sauti kwenye vyungu, iwe tena njia ya kupata mlo. Siti anajibu kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu cha kujivunia, na kwamba aliyepungukiwa ni yule asiye na akili. Hakujitetea kwa subira. Alitaja akili, yaani kitu kinachofunzwa na kunolewa, na alikuwa na haki ya kukitaja kwa kuwa alijua alikinolea wapi.

Katika wimbo wa Kijiti, ambao Laura Fair ameuchambua katika Pastimes and Politics (2001), akili hiyo inatazama nje ya maisha ya mwimbaji mwenyewe. Mwanamke mgeni ameuawa, mwuaji ametoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio wanaoadhibiwa. Mchuuzi wa vyungu hakuwa na nafasi ya kuihoji mahakama. Aliitumia sauti kuwaita wanunuzi. Sauti ile ile, ilipokwisha kupata kundi na wasikilizaji wake, iliweza kuwataja mahakimu mbele ya mji mzima, na mji ukaukariri wimbo.