Pa Kuukata Mwaka wa Lualaba

Kumbukumbu za kina cha mto Lualaba mjini Kindu, Kongo, huja kama za kituo chochote cha mto: tarehe safu ya kwanza, sentimita safu ya pili. Rula ya kupimia kina ikisomwa mara moja kwa siku, miaka 30 inajaza mistari zaidi ya 10,950. Ichore yote kwa mfululizo upate meno ya msumeno, ambamo jicho haliwezi kutambua kwamba mwaka fulani maji yalichelewa kujaa wiki tatu.

Ndiyo maana safu hukunjwa. Siku za mwaka zinashika mhimili mmoja, miaka inashika wa pili, na kina kinasimama wima. Luigi Perozzo, mtakwimu wa Kiitalia, aliifanyia hivyo sensa ya Uswidi mwaka 1880, kwa umri na miaka, kabla ya kompyuta yoyote. Leo programu inachora kwa sekunde, ila haijui pa kukunjia.

Kalenda itakushawishi uanze 1 Januari. Kwa Kindu hilo ni kosa. Maji mengi ya hapo yanatoka kusini, kwenye mvua za Katanga zinazoanza mnamo Oktoba na Novemba. Yanacheleweshwa na maziwa na vinamasi vya Upemba, yanaongezewa na mto Luvua, kisha mto Lukuga unaleta ya ziwa Tanganyika. Januari mto ungali unapanda. Ukikata hapo, msimu mmoja wa maji mengi unapasuka, nusu moja kushoto kwa picha na nusu kulia. Anza 1 Oktoba, maji yakiwa chini. Tarehe 29 Februari ifute tu. Ukiiacha, kila mwaka mrefu utasogea siku moja kuanzia Machi.

Kwenye Python, maktaba ya pandas hugeuza safu kuwa jedwali kwa amri moja, na matplotlib hudai majedwali matatu yenye umbo moja. Gnuplot inakubali safu ndefu, mradi uache mstari mtupu kila mwaka unapoisha. Excel nayo inachora, lakini mihimili yake ya chini ni majina, si namba: miaka mitano ikikosekana, mwaka wa kabla na wa baada hukaa bega kwa bega kana kwamba hakuna kilichopotea. Kwa Kongo, ambako vituo vya kupima mito vimepungua sana tangu uhuru, hiyo si kasoro ndogo.

Mapengo ndipo picha nyingi zinapodanganya. Katika jedwali, 5 Machi ya mwaka huu imepakana na 5 Machi ya mwaka jana, lakini kati yao mto umepanda na kushuka mzunguko mzima. Programu inayolainisha uso pande zote itajaza mwaka uliokosekana kwa maji ambayo hayakupita Kindu kamwe. Kadiria kwa kufuata siku pekee, tena pengo fupi. Mto mpana kiasi hiki haubadiliki ghafla. Pengo refu libaki tundu. Vipimo vya setilaiti vinaweza kusaidia, ila Sentinel-3 hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 27, na urefu wake hauanzii sifuri ya rula. Linganisha kwanza, kwa kipindi ambacho vyote viwili vilipima, ndipo uunganishe.

Halafu kuna suala la nani anatazama. Mwenye boti wa Kindu hadi Ubundu, safari ya kilomita 300 hivi, haulizii kilele. Anaulizia miezi ya maji kidogo, mchanga unapojitokeza. Katika picha ya pande tatu miezi hiyo ndiyo inayofichwa nyuma ya matuta ya maji mengi. Kuizungusha picha husaidia kwenye skrini, si kwenye karatasi. Kwa ajili yake ningeitazama kutoka juu kabisa, kimo kigeuke rangi, na rangi kali kuliko zote niipe miezi ya Agosti hadi Oktoba. Mwaka utabidi ukatwe upya Aprili, ili miezi hiyo ikae katikati.