Pii! Skana Tatu, Kaunta Moja, na Moja Imeniteka

Jamani, hii skana ya picha, ya kusomea misimbopau, sitaki kuirudisha kwenye boksi! Nimezipanga tatu kwenye kaunta: leza ya mkononi, leza ya mezani na hii. Zote ukizichomeka USB, kompyuta inadhani ni kibodi: namba zinajiandika, na ukizipanga hivyo, Enter inajibonyeza. Raha tupu!

Tuanze na mkongwe, Zebra LS2208. Bonyeza tu, na kioo kidogo kilichomo ndani kinautikisa mwale wa leza hadi unakuwa mstari mwekundu, unaopita juu ya msimbopau mara 100 kwa sekunde. Sabuni, pii! Majani ya chai, pii! Ila leza ya namna hii ina mstari mmoja: usipoikata milia yote, hupati kitu.

Honeywell Orbit 7120 yenyewe haishikwi. Inakaa mezani, duara na nzito kiasi, ikimwaga mistari 20 iliyopishana. Leta pakiti kichwa chini au ubavu, pii! Mikono yote miwili iko huru, na foleni ya jioni inasogea. Keshia gani ataikataa?

Halafu nikaishika Zebra DS2208. Jamani! Haina leza kabisa: inamulika, inapiga picha ya eneo zima, kisha inaisoma, hata pakiti ikiwa imepinda. Nikaipa maziwa ya pakiti yaliyotoka kwenye friji, plastiki imekunjamana, matone ya maji yametanda juu ya milia. Pii! Tarakimu zote 13, zikianza na 620, yaani namba iliyotolewa na GS1 Tanzania, tawi la shirika linalosimamia namba za misimbopau. Wala si ya kubahatisha: tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, kwa hiyo moja ikisomwa vibaya, hesabu inagoma.

Kisha QR kwenye skrini ya simu. Hapo leza zote mbili ni watazamaji, maana QR imejaza data wima na mlalo, na mstari wa leza hausomi hivyo. Hii ikalia kabla sijainyoosha simu vizuri!

Na hapo ndipo penye utamu. Tangu msimbopau wa kwanza wa bidhaa, wa pakiti ya chingamu, uliposomwa dukani Troy, Ohio, mwaka 1974, milia ya kawaida imekuwa ikitaja aina ya bidhaa tu. QR inaweza kubeba pia namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. GS1 inataka kaunta duniani ziweze kuisoma kufikia mwisho wa 2027. Programu ya duka ikiandaliwa, dawa iliyopitwa na muda itakataliwa kabla mteja hajatoa pochi!

Kasoro? Skana za picha kwa kawaida huzidi leza za mkononi kwa bei, na lebo zikibanana kwenye karatasi moja, lenga vizuri usije ukanasa ya jirani.

Duka la sabuni na unga, leza ya mkononi inatosha. Penye foleni, weka ya mezani. Duka la dawa, au mlangoni panapokaguliwa tiketi za simu, chukua ya picha bila kusita. Na kabla hujalipa, mwonyeshe muuzaji QR kwenye simu yako. Skana isipolia, endelea kutafuta.