Majina ya Watoto katika Japani na Jinsi Yanavyoandikwa

Mwalimu aitapo majina ya watoto asubuhi hafikiri kwamba kazi hiyo yaweza kumshinda. Jina limeandikwa kitabuni. Yeye asoma, mtoto aitika. Lakini katika Japani mwalimu mwenye elimu ya juu huweza kufungua kitabu cha darasa siku ya kwanza, akaliona jina la mtoto, akaijua maana ya kila alama iliyomo, wala asijue mtoto huyo aitwe nani. Jambo hili limezidi katika miaka hii thelathini iliyopita, na wengi katika nchi ile wamewalaumu wazazi vijana, wakisema kwamba wameiharibu desturi. Nataka kuipima lawama hiyo. Naona ina kweli ndani yake, ila imewekwa mahali pasipo pake.

Kwanza yapasa kueleza maandishi yao, maana pasipo hayo shauri lote halifahamiki. Wajapani hutumia namna tatu za maandishi pamoja. Mbili, ziitwazo hiragana na katakana, huandika sauti tu, kila alama silabi moja. Ya tatu ni kanji, alama zilizotoka China zamani, na kila moja ina maana yake. Kwa kuwa zilipokewa na watu wenye lugha nyingine kabisa, alama moja ilipata sauti mbili au zaidi: moja iliyokuja nayo kutoka China, na nyingine ya neno la Kijapani lenye maana ileile. Alama ya mlima husomwa yama, na pengine husomwa san. Tena katika majina ya watu zimeongezeka sauti nyingine zisizotumika po pote ila humo.

Basi jina la Mjapani ni vitu viwili: lile liandikwalo, na lile lisikiwalo. Sheria ya daftari la jamaa, iliyoanza kutumika mwaka 1948, ilikisimamia kitu cha kwanza tu. Ilisema kwamba jina la mtoto liandikwe kwa alama za kawaida zilizo nyepesi. Na mwaka 1951 serikali ikatoa orodha ya alama 92 za majina, kuongezea zile 1,850 zilizowekwa mwaka 1946 kwa matumizi ya watu wote. Lakini jinsi ya kulisoma jina, daftari halikusema neno.

Watu husema kwamba wazee walichagua majina kwa busara, na kwamba kufuata mtindo ni ugonjwa wa siku hizi. Orodha hazilikubali neno hilo. Kampuni ya bima ya Meiji Yasuda imekusanya majina yaliyopendwa zaidi kila mwaka tangu mwaka 1912. Mwaka ule ilianza enzi ya mfalme iitwayo Taishō, na jina la kwanza kwa wavulana likawa Shōichi, lililoandikwa kwa alama ya mwisho ya jina la enzi hiyo pamoja na alama ya moja. Mwaka 1913 likawa Shōji, lenye alama ya mbili. Na mwaka 1914 Shōzō, lenye alama ya tatu. Enzi ya Shōwa ilipoanza mwishoni mwa mwaka 1926, jambo hilo likarudiwa: Shōji mwaka 1927, Shōzō mwaka 1928, lakini sasa kwa alama nyingine ya shō, yenye maana ya mwangaza, mahali pa ile ya kwanza yenye maana ya unyofu. Sikio halikuweza kumtenga Shōji wa 1913 na Shōji wa 1927, jicho liliweza. Katika miaka ya vita jina la Masaru, liandikwalo kwa alama ya kushinda, lilipanda mpaka juu kabisa. Wengine wa hao walioitwa Ushindi walikuwa wakinyonya bado nchi yao iliposhindwa mwaka 1945.

Kwa wasichana mtindo ulikuwa ni kumalizia jina kwa ko, neno lenye maana ya mtoto. Zamani ulikuwa mwisho wa majina ya mabibi wakubwa wa jumba la kifalme. Katika karne ya ishirini ukashuka kwa watu wote, hata akina Kazuko na Sachiko wakajaa madarasani. Leo majina hayo ni haba katika orodha. Basi mtindo haukuanza jana.

Lakini mtindo wa sasa umegeuza njia. Zamani wengi walianza na alama, yaani na maana, au na hesabu ya uzao: Ichirō wa kwanza, Jirō wa pili, Saburō wa tatu. Sasa wengi huanza na sauti iliyo tamu masikioni, ndipo hutafuta alama za kuivika. Sauti Haruto imependwa kwa wavulana miaka mingi, nayo huandikwa kwa njia nyingi: mmoja huandika jua na kuruka juu, mwingine huandika mbingu iliyotakata na kuruka juu. Kinyume chake pia huwa. Jina lenye alama ya ukubwa na alama ya kuruka juu, ambalo karibu na mwaka 2010 lilishika nafasi ya kwanza, kwalo mtoto mmoja huitwa Hiroto, wa pili Haruto, wa tatu Yamato, na wa nne Taiga. Kwa wasichana, alama ya jua na alama ya ua liitwalo aoi zimeongoza miaka kadhaa; wengi husoma Himari, wengine Hina, wengine Hinata.

Zaidi ya hayo yako majina ambayo wenyewe huyaita kirakira, yaani yenye kumetameta. Humo alama ya mwezi husomwa Runa, kwa kulifuata neno la Kilatini luna, maana Kijapani hakitengi l na r. Au sauti ya alama hukatwa kama kitambaa: kokoro, yaani moyo, likabaki koko, na ai, yaani upendo, likabaki a, hata mtoto akaitwa Kokoa, sawasawa na kinywaji cha kakao.

Sababu zake si upumbavu mtupu. Mwaka 1949 walizaliwa katika Japani watoto zaidi ya 2,600,000. Mwaka 2024 walizaliwa chini ya 700,000. Mzazi wa watoto saba ataka majina ya kuwatambua nyumbani. Mzazi wa mtoto mmoja humtafutia jina ambalo hakuna mwingine duniani aliye nalo. Wako tena waaguzi wahesabuo mistari ya kalamu katika kila alama ili kutabiri bahati, na kwa ajili ya hesabu hiyo mzazi huweza kuiacha alama nyepesi akachukua iliyo ngumu.

Wala wanaolalamika leo si wa kwanza. Mtawa Yoshida Kenkō, aliyeandika Tsurezuregusa katika karne ya 14, aliwalaumu wale wapendao kuwapa watu majina ya alama zisizojulikana, akaona hayana faida. Motoori Norinaga, mwanachuoni mkuu wa lugha ile, aliyekufa mwaka 1801, alinung'unika kwamba majina ya siku zake yamejaa alama za ajabu, na sauti za ajabu zisizosomeka. Kisha Mori Ōgai, daktari wa jeshi na mwandishi mashuhuri, aliyesoma Ujerumani tangu mwaka 1884 hata 1888, aliwaita watoto wake Otto, Mari, Annu, Furitsu na Rui: majina ya Ulaya yaliyovikwa kanji. Hakuna amwitaye Ōgai mjinga.

Lakini na tuangalie alivyofanya. Alama za Otto ni neno la kale la Kichina lenye maana ya chui milia, na mtoto huyo alizaliwa mwaka 1890, mwaka wa mnyama huyo katika hesabu yao. Tena alama zenyewe zaipa njia sauti ile. Mtu aliyesoma, hata kama jina ni geni kwake, aweza kulifuata andiko mpaka akaifikia sauti. Katika Kokoa na Runa njia hiyo imekatwa. Msomaji asimama mbele ya mlango, na ufunguo anao mama wa mtoto peke yake.

Hapo ndipo niwekapo kipimo changu. Ugeni wa jina si kosa, wala utamu wa sauti si kosa. Kosa ni kumpa mtoto jina ambalo mgeni hawezi kutoka katika andiko lake akaifikia sauti yake. Jina, ingawa ni la mtoto, watumiao ni wengine: mwalimu, daktari, mwajiri, jirani. Mtoto ambaye jina lake halisomeki atalieleza kila siku ya maisha yake, naye hakulichagua.

Hata hivyo siwezi kuitwika lawama yote mabegani mwa wazazi. Daftari lililinda jicho likaliacha sikio miaka 77. Mwaka 1993 wazazi katika mji wa Akishima, upande wa magharibi wa Tokyo, walileta jina la Akuma, yaani Ibilisi. Alama zake zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba alama zaweza kuwa halali, na jina likawa ovu. Wakubwa walikataa, shauri likafika mahakamani, na mwishowe mtoto akapewa jina jingine. Mwaka 2004 ziliongezwa alama 488. Katika orodha ya kwanza iliyotolewa ili watu waseme maoni yao zilikuwamo hata alama za mavi, maiti na saratani. Watu wakapiga kelele, zikaondolewa. Miaka yote hiyo wenye sheria walibishana juu ya alama, huku matata yenyewe yakikaa katika sauti.

Tarehe 26 Mei 2025 sheria iligeuzwa. Sasa daftari huandika pia sauti ya jina kwa katakana, na sauti hiyo sharti iwe imekubaliwa na watu kwa kawaida kuwa ni somo la alama zile. Waliokwisha kuzaliwa walipewa mwaka mmoja wa kupeleka masahihisho. Wizara ya Sheria ilitoa mifano: alama ya kuwa juu haitasomwa Hikushi, neno lenye maana ya kuwa chini, na alama za Tarō hazitasomwa Jirō, wala Maikeru.

Sheria hii naisifu, lakini kwa hadhari. Nani atapima iliyo ya kawaida? Kazu iliyo katika Kazuko ni sauti ya majina tu. Alama hiyohiyo katika maneno mengine mengi husomwa wa. Siku moja hiyo nayo ilikuwa ngeni. Mwandishi wa daftari akatazaye kila kisichozoeleka angaliwakataza hata bibi zake. Afadhali awe mpole palipo na njia, ingawa ni nyembamba, na awe mkali pale sauti inapopingana na andiko au inapomwaibisha mtoto.

Sisi tuandikao kwa herufi zinazofuata sauti tumeokoka na mengi katika hayo, lakini hatukuokoka yote, maana nasi twaandika majina ya watoto katika vitabu vya ubatizo, na mara nyingi mzazi huja na jina alilolisikia mbali, asiloweza kulitamka mwenyewe. Na tumkumbushe habari za Nozomi na Megumi. Maana yake ni Tumaini na Neema. Huandikwa kwa alama moja kila moja, nao wasio Wakristo huyatumia pamoja na Wakristo. Hayametimeti, wala hayamsumbui mwalimu asubuhi. Wazee wetu walisema, Jina jema hung'aa gizani. Na gizani hakuna aonaye maandishi.