Fundi wa Kalafati

Katika ufundi wote unaokutana juu ya jahazi moja, tangu mkuku ulazwapo mchangani hata siku ya kushuliwa, hapana uliosahauliwa na macho ya watu, wala uliotegemewa na roho zao, kupita ule wa kalafati. Na sahibu yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemwita kwenye rehema yake, aliishi kwa ufundi huo kisiwani Lamu, katika kijiji cha Matondoni, ambako kuunda vyombo ni urithi wa baba kwa mwana.

Mgeni apitaye ufuoni huko huyaona mataruma ya mkomafi, yaliyochaguliwa kwa jinsi mti wenyewe ulivyojipinda ulipokuwa ukikua, akasifu. Huona omo ilivyochongoka kuelekea baharini, akasifu tena. Kalafati haina sifa ya namna hiyo, kwa kuwa ikikamilika hufunikwa. Pamba husokotwa, ikatiwa mafuta, ikashindiliwa kwa chuma butu na nyundo katika kila ufa baina ya ubao na ubao. Ikizidi, huzisukuma mbao zikaachana. Ikipungua, bahari huingia. Zaidi ya hayo, fundi hulazimika kukadiria jambo asiloliona, maana mbao kavu zikishuka majini hunywa maji zikavimba, na ufa anaoujaza leo juani hautakuwa na upana uo huo chombo kitakapokuwa safarini. Kisha sehemu ya chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, na kazi ya siku nyingi ikasitirika isionekane na mtu.

Hapo ndipo nilipoijua imani ya marehemu, kabla sijaijua msikitini. Alianza kila ufa kwa bismillahi, akaenda nao kwa dhikri ya chini chini iliyofuata mapigo ya nyundo, na pale mahali pabaya palipo karibu na mkuku, ambapo mtu hulala kifudifudi na mkono ukafika kwa taabu, ndipo alipokawia zaidi. Mwenye chombo mmoja, aliyekuwa na haraka ya kuuwahi upepo wa kusi, alimsihi aipite sehemu ile kwa kuwa deheni ingeifunika. Alimjibu kwa upole: "Ubao hunificha kwa watu, bwana, haunifichi kwa Mola wangu." Sikumsikia akitoa mawaidha marefu kuliko hayo, na kwangu mimi yalitosha. Wako watu ambao dini yao huwafanya wakali kwa waja. Yake ilimfanya laini, kama pamba ile aliyoitia mafuta, na palipopasuka baina ya majirani yeye ndiye aliyetafutwa.

Wavuvi maskini walimletea mashua zilizochakaa, ambazo wenyewe walizifua maji kwa upo tangu kutoka hata kurudi, akazitengeneza kwa ahadi ya malipo ambayo alijua fika kwamba hayangekuja. Hakuandika madeni hayo, wala hakuyataja. Alipenda kusimulia habari za mtepe, chombo cha kale cha visiwa hivi, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Alisema kwamba waliokishona walimwachia Mungu safari, lakini hawakumwachia Mungu fundo.

Siku ya maziko yake, jeneza lilipokuwa limewekwa kwa sala, mmoja wa jamaa alisimama, kama ilivyo ada, akauliza ni nani anayemdai marehemu ili deni lake lilipwe. Hapana aliyejitokeza kudai. Manahodha na wavuvi walisogea mmoja mmoja kwa sauti ya aibu, wakasema wao ndio wadaiwa: huyu wa mashua, huyu wa jahazi, huyu wa ngalawa ya babake. Nimehudhuria mazishi ya wakubwa, yaliyojaa hotuba na mashada. Sikupata kusikia sifa iliyo kubwa kama maungamo yale.

Siku hizi mashua za faiba zimeenea, hazina ufa wa kuzibwa, na vijana wanaoijua nyundo ya kalafati wanapungua. Siwalaumu, maana tumbo lina haki yake. Lakini majahazi ya mbao yangalipo Lamu, yanapakia mchanga na mawe na kushindana kwa matanga, na yote yatahitaji mkono wa namna ile kila msimu. Basi mwenye chombo na ampeleke mwanawe kwa mafundi waliobakia, angali anaweza kufundishwa. Na aliyepata kupanda chombo kilichozibwa na sahibu yangu, naye hajamlipa, awafikie watoto wake Matondoni awape haki yao. Asiye na deni, amsomee Fatiha.