Mapenzi ya Mchezo na Kumbukumbu za Uwanja: Uhakiki wa Filamu Mbili Kuhusu Rwanda

Kiswahili kina maneno mawili ya kumwita mtu anayeufuata mchezo kwa moyo wake wote: mpenzi na shabiki. Watangazaji wa redio wa Afrika Mashariki huyatamka kwa pamoja kana kwamba ni neno moja, lakini hayalingani. Shabiki ana upande. Asiye na timu hawezi kuitwa shabiki. Mpenzi anaweza kuupenda mchezo wenyewe, vumbi la uwanja, mlio wa kipenga, na ngazi ya saruji aliyokalia siku ya kwanza alipopelekwa na baba yake. Nchini Rwanda, wafuasi wa Rayon Sports huiita timu yao Gikundiro, jina linalotokana na kitenzi cha Kinyarwanda gukunda, yaani kupenda. Makala haya yanachunguza namna filamu zinavyoyashughulikia mapenzi ya aina hiyo, na hasa zinavyokitendea kitu kinachoyabeba, yaani uwanja wa zamani. Filamu zinazohakikiwa ni Shooting Dogs (2005) ya Michael Caton-Jones na Africa United (2010) ya Debs Gardner-Paterson. Hoja inayotetewa ni kwamba desturi ya kimataifa ya filamu za michezo imejengwa juu ya hamu ya kurudi nyuma, na kwamba hamu hiyo haiwezi kuhamishiwa Kigali bila kubadilishwa kutoka mizizi yake.

Desturi ya kurudi

Desturi hiyo inaonekana waziwazi kabisa katika besiboli ya Marekani, mchezo ambao wapenzi wake wamegeuza viwanja kuwa karibu mahali pa hija. Fenway Park mjini Boston unatumika tangu mwaka 1912, na Wrigley Field mjini Chicago tangu mwaka 1914. Ebbets Field wa Brooklyn ulibomolewa mwaka 1960 na majengo ya makazi yakasimamishwa mahali pake, nao ungali ukiombolezwa hata na watu waliozaliwa baada ya kubomolewa. Filamu iliyoyapa mapenzi haya umbo lake kamili ni Field of Dreams (1989) ya Phil Alden Robinson. Mkulima wa jimbo la Iowa anafyeka sehemu ya shamba lake la mahindi na kutengeneza uwanja. Wachezaji waliokufa zamani wanatokea katikati ya mahindi na kuanza kucheza. Mwishoni mkulima anarushiana mpira na baba yake marehemu. Uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo, karibu na mji wa Dyersville, umebaki kuwa kivutio cha wageni, na mwaka 2021 ligi kuu ya besiboli ilichezesha mechi rasmi jirani yake.

Ufanisi wa filamu hiyo unategemea sharti moja ambalo haisemi: wafu wake ni wepesi. Kosa la wachezaji wa Chicago White Sox wa mwaka 1919 lilikuwa tuhuma ya kuuza mechi, na kosa la namna hiyo linasameheka kwa machozi na mwanga wa jioni. Hata hivyo, tayari hapo kuna jambo lililofichwa. Hadi mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia Ebbets Field akiwa na jezi ya Brooklyn Dodgers, wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu kwa miongo mingi. Wanaotokea mahindini kucheza ni weupe, na filamu haishtuki. Hamu ya kurudi, kwa hiyo, huchagua nani arudi. Udhaifu huo ni wa kimaadili kabla ya kuwa wa kisanaa, na katika mazingira ya Kigali hauwezi kufichwa na muziki wowote.

Kicukiro: uwanja wa shule

Mandhari ya Shooting Dogs ni shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro. Mwezi Aprili 1994, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia hapo kwa sababu palikuwa na kikosi cha askari wa Ubelgiji chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Waliokuwa wamejihifadhi walipelekwa kwa miguu hadi Nyanza ya Kicukiro, na wengi wao wakauawa huko katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Filamu ilipigwa mahali penyewe, na miongoni mwa waliofanya kazi nyuma ya kamera walikuwamo manusura.

Uhakiki mwingi wa filamu hii umejikita katika swali la mtazamo: kwa nini msiba wa Wanyarwanda unasimuliwa kupitia dhamiri ya padre na mwalimu kijana, wote Waingereza? Swali hilo ni la haki na limekwisha kujibiwa vya kutosha. Lililopuuzwa ni kwamba filamu inaanza kwa mchezo. Marie, msichana wa Kitutsi, anapenda kukimbia, na mwalimu Joe anamtangazia mbio zake kwa mzaha, akiiga sauti ya mtangazaji wa mashindano makubwa. Tukio ni dogo, lakini ndilo lenye akili zaidi katika filamu nzima. Kwa muda mfupi uwanja wa shule ni uwanja tu, na utangazaji wa Joe ni mapenzi yasiyo na upande. Kisha maana ya kukimbia inageuka. Mtazamaji aliyemwona Marie akikimbia kwa furaha analazimika kuibeba picha hiyo hadi pale kukimbia kunapokuwa njia pekee ya kubaki hai. Hakuna mahindi hapa, wala mfu anayerudi kurusha mpira. Uwanja unabaki ulivyo, na uzito wake unatokana na kubaki huko.

Hata hivyo, filamu inapofika mwisho inamhamishia Marie Uingereza, ambako anakutana tena na Joe. Uamuzi huo unaeleweka kwa kanuni za sinema, lakini unaufunga uwanja wa Kicukiro kana kwamba baada ya 1994 haukuwa na historia nyingine. Ukweli ni tofauti. Wanyarwanda waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuja na kriketi, mchezo ambao Rwanda iliyotawaliwa na Wabelgiji haikuwa imeuzoea. Chama cha Kriketi cha Rwanda kiliundwa mwaka 1999, na uwanja wake mkuu kwa miaka mingi ulikuwa huohuo wa shule ya Kicukiro. Vijana walijifunza kupiga na kudaka mpira juu ya ardhi ambayo majirani zao waliijua kwa sababu nyingine. Je, walikuwa wanasahau? Jibu la haraka, la ndiyo au la hapana, lingekuwa dharau kwao. Ila ni dhahiri kwamba mapenzi yao ya mchezo hayakuwa hamu ya kurudi. Hapakuwa na zama njema za uwanja huo za kurejewa. Mapenzi yalipaswa kuanza upya pale pale.

Africa United: mchezo kama pasipoti

Kuhusu Africa United maneno machache yatatosha, kwa kuwa filamu yenyewe haikai mahali pamoja. Watoto wanatoka Rwanda, wanapanda basi lisilo lao na kujikuta Kongo, kisha wanalivuka bara hadi Johannesburg kwenye Kombe la Dunia la 2010. Dudu, meneja wa kujitangaza wa mchezaji chipukizi Fabrice, ni mhusika wa kupendeza, na ustadi wake wa kutengeneza mpira kwa vitu vilivyotupwa unafahamika kwa mtoto yeyote wa ukanda huu. Lakini filamu inauona mchezo kama pasipoti. Uwanja wa kweli ni ule wa mbali, wenye taa na kamera. Kiwanja cha nyumbani ni mahali pa kuondokea. Wahusika huzungumza kwa sehemu kubwa Kiingereza. Watoto kama hao, safarini kupitia Kongo na kwingineko, wangetegemea sana Kiswahili, na hilo si suala la uhalisia mdogo tu. Lugha ya ushabiki, yaani utani, tambo na majina ya utani ya wachezaji, ndiyo inayoufanya mpira kuwa wa watu fulani. Ikiondolewa, kinachobaki ni mpira wa mtu yeyote.

Majina na ngazi za saruji

Kuna viwanja viwili vya Kigali ambavyo filamu hizi hazikuviingia kwa makini, navyo ndivyo vinavyowahusu zaidi washauri wa sera. Uwanja wa Amahoro, Remera, ambao jina lake lina maana ya amani, ulihifadhi takriban watu 12,000 mwaka 1994 chini ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Baadaye palichezwa mpira na palifanyika maombolezo ya kitaifa, wakati mwingine katika mwaka mmoja. Ulifunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024, ukiwa na viti 45,000 badala ya 25,000 vya awali. Ni jengo zuri. Ngazi walizokalia wakimbizi na, baada yao, mashabiki, zimebadilishwa sura, na hilo halikuepukika. Lililoweza kuepukika ni kuziacha zibadilike kabla ya masimulizi ya waliozikalia kukusanywa kwa utaratibu.

Uwanja wa Nyamirambo una suala la lugha waziwazi. Nyamirambo na jirani yake Biryogo ni mitaa ambako Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni, kikiwa lugha ya wafanyabiashara na ya jamii ya Waislamu, muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwezi Machi 2023, Kongamano la FIFA lilipokutana Kigali, uwanja huo ulipewa jina la Pelé. Heshima kwa mchezaji huyo haina ubishi. Lakini jina ambalo FIFA iliyaomba mataifa yote kuliweka viwanjani haliwezi kumwambia mgeni chochote kuhusu kilima hiki, misikiti yake na mazungumzo ya lugha mbili yanayoendelea hapo jukwaani. Wanaisimu wa ukanda huu, ambao hulalamika kwamba Kiswahili cha Rwanda hakina data asilia za kutosha, wangeanzia hapo siku ya mechi.

Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa, na filamu bila shaka zitafuata. Endapo zitaazima mfano wa Iowa, zitatupa jioni yenye mwanga mzuri na wafu waliochaguliwa. Endapo zitaazima mfano wa Africa United, zitatupa safari.

Mfano mwingine upo Kigali kwenyewe. Mwezi Mei 2016, nahodha wa timu ya taifa ya kriketi, Eric Dusingizimana, alisimama ndani ya wavu jirani na Uwanja wa Amahoro na kupiga mipira kwa saa 51, akiipita rekodi ya dunia ya saa 50. Alikuwa anachangisha fedha za kujenga uwanja mpya wa kriketi huko Gahanga, uliofunguliwa mwezi Oktoba 2017, ili mchezo upate makao mengine mbali na Kicukiro. Watu walipokezana kumrushia mipira mchana na usiku.